Kufuta Nusu ya Televisheni

Siku lile sanduku lilipofunguliwa pale Kasulu tulikuwa watu sita, nami nawataja wote kwa sababu wengine hawana tena wa kuwataja. Alikuwepo Mzee Hemedi mwenye nyumba, muuza chumvi na vitambaa, ambaye baba yake alitoka pwani akaishia Ujiji, na yeye mwenyewe akapanda huku milimani kufuata wateja. Alikuwepo mkewe Bi Zuhura, Muha wa Heru Juu, aliyesilimu alipoolewa. Alikuwepo Bi Mgeni, dada mkubwa wa Mzee, aliyepanda lori moja na sanduku hilo kutoka Ujiji ili alilinde njiani. Alikuwepo Shabani, dereva wa lori, ambaye alikuwa binamu yao kwa upande wa mama. Alikuwepo Spesioza, mtumishi mwenzangu, mkubwa wangu kwa umri na kwa kazi, aliyevuka kutoka Burundi kwa miguu wakati watu wa kwao walipokuwa wakiuawa. Na mimi Kolasta, mtoto wa Bukuru wa Kitahana, mgeni kabisa kazini, nimesimama mlangoni na ndoo. Ndoo ilikuwa ya nini sikumbuki. Nadhani niliishika ili nisiambiwe sina kazi.

Nawaandikia nyie, Jeska, Neema na wenzenu mliobaki pale nyumba ya wageni Kibondo. Mmeniaga vizuri, mkanipa kitenge na sufuria, halafu Jeska akaniambia, "Bibi, tuandikie yale unayotusemaga kila siku." Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini kuandika naandika. Mambo ya mshahara na nani alipandishwa nani akaachwa siyaandiki. Hayo mtayajua wenyewe na yatawauma wenyewe. Nitaandika jinsi nilivyofundishwa kufuta kioo, kwa sababu niliwaona mkipiga sabuni ya vyombo kwenye zile televisheni bapa za vyumbani nikanyamaza mara moja, mara ya pili nikasema, na mara ya tatu mkaniita mkorofi.

Basi, sanduku. Lilitoka Unguja. Idi, mtoto pekee wa Mzee na Bi Zuhura, alifanya kazi bandarini kule, na kule Unguja walikuwa wameshaanza kuonyesha picha za televisheni. Akawanunulia wazazi wake moja, ikavushwa na meli, ikapanda treni mpaka Kigoma, ikapanda lori la Shabani. Mzee alifungua mwenyewe kwa kisu cha dukani. Ndani ya majani makavu kulikuwa na kasha la mbao linalong'aa, na mbele yake kioo cha rangi ya kijani kama maji ya bwawa, kimetuna kama tumbo la kibuyu.

"Idi amesema nini?" Mzee akamuuliza Shabani.

"Amesema mgongo wake usifunguliwe, hata ikiwa imezimwa. Kuna kitu ndani kinapiga mtu."

"Na mbele?"

"Mbele hakusema kitu."

"Inawashwaje?"

Shabani akashika waya, akautazama mwisho wake wenye meno, akatazama kuta zote nne za ukumbi. Umeme Kasulu haukuwepo, isipokuwa kwa wenye mashine zao. Na hata ungekuwepo, bara zima halikuwa na mtu wa kurusha hizo picha. Mambo haya Mzee aliyajua. Alisema, "Iwekwe. Mtoto akituma koti wakati wa joto, hulitupi." Ikawekwa ukumbi wa ndani, juu ya meza, ikae.

Asubuhi yake nikaamka na nia njema. Kwetu Kitahana kioo tulichokijua ni kile cha taa ya chemni, na kioo cha taa husafishwa kwa majivu: unachota majivu laini, unaweka kwenye kitambaa, unasugua mpaka masizi yatoke, kinabaki kinametameta. Nikachota majivu jikoni, nikaja nayo kwenye jani la mgomba, nimekunja mikono ya gauni. Nilikuwa nimeshapiga magoti mbele ya televisheni Spesioza akanidaka mkono.

"Unakipeleka wapi hicho?"

"Kwenye kioo, dada."

"Kioo cha taa kinapita moto kila siku, kimeshazoea mateso. Hiki ni kitoto. Majivu yana mchanga ndani yake, wewe huuoni, lakini kioo kinauona." Akainua mkono wangu. "Na hiki nini?"

"Bangili."

"Vua. Mtu hafuti kioo na chuma mkononi."

Spesioza alikuwa amefanya kazi Bujumbura kwenye nyumba yenye madirisha marefu kuliko mtu. Alinifundisha asubuhi ile, na yale aliyonifundisha ndiyo nimekula nayo maisha yangu yote. Kwanza vumbi litolewe kavu, bila maji, kwa maana vumbi la Kasulu ni jekundu na ukilipa maji linakuwa tope, na tope unalisugua hukohuko. Kitambaa kiwe kipande cha kanga kilichochoka, kilichofuliwa mpaka kikasahau rangi, kisicho na pindo wala uzi mgumu. Uanze juu ushuke chini, mkono mwepesi, kama unamfuta mtoto mchanga uso. Kwenye pembe ambako kidole hakiingii, unyoya wa jogoo. Likibaki doa la mafuta au alama ya kidole, ndipo unatafuta maji, nayo yawe yaliyochemka yakapoa, maana ya kisimani yanaacha nukta nyeupe. Na maji hayaendi kwenye kioo. Maji yanakwenda kwenye kitambaa, kitambaa kinakamuliwa, halafu unakiweka shavuni: kikikupoza bila kukulowanisha, kiko tayari. Ukimaliza, kitambaa kikavu tena.

"Buhoro, buhoro," alikuwa akisema kila nilipokaza mkono, ndiyo kusema polepole kwa kwao na kwetu pia. "Unafuta vumbi, mwana wanje. Hufuti kosa."

Mtasema zile za sasa si kioo kile. Ni kweli. Za sasa ni laini zaidi, ukibonyeza unaona kivuli kinakimbia chini ya kidole kama mafuta kwenye mchuzi. Basi izime, chomoa waya, ngoja ipoe, na hayo mengine fanya yaleyale. Sabuni ya vyombo acha kwa vyombo. Spiriti acha kwa daktari. Na dawa ya kupuliza usiipulizie kioo, itateremka mpaka kwenye ukingo wa chini na kuingia ndani, na siku ya pili mgeni anakuja mapokezi kuuliza kwa nini mtangazaji hana miguu.

Sasa nirudi kwa Mzee Hemedi. Televisheni isiyowaka inafanya kazi gani? Ile ilifanya kazi moja, na ikaifanya vizuri. Kioo kikifutwa sawasawa, mchana mwanga wa dirisha la ubavuni ulipowaangukia waliokaa, ukumbi wote ulionekana ndani yake, mdogo, wa kijani, umejikunja kidogo pembeni. Kila alasiri, baada ya kuswali, Mzee alikuja kukaa kwenye kiti chake cha mkono, upande wa kulia, na Bi Zuhura alikaa kwenye mkeka upande wa kushoto na birika la kahawa. Wakaitazama.

"Leo wanaonyesha nini?" Mzee angeuliza.

"Wanaonyesha mzee mmoja anakunywa kahawa."

"Jana si alikunywa huyuhuyu?"

"Wamerudia."

"Na yule mwanamke mrembo pale pembeni ni nani?"

"Sijui. Mimi namwona mnene tu."

"Ni kioo kimetuna. Mlaumu Idi."

Walisema hivyo karibu kila siku na hawakuchoka, na mimi na Spesioza jikoni tulikuwa tunajua wamefika wapi bila kusikia maneno. Wageni nao walikuja. Petro, fundi seremala jirani yetu, alipita kila Jumapili kabla ya misa kuchana nywele mbele yake, na akamwomba Mzee asiuze kitu kile kamwe. Bi Mgeni alipokuja kutoka Ujiji alikaa, akatazama, akarekebisha ushungi, akasema, "Mbona wananionyesha mimi?" Mzee akamjibu kwamba hawakupata mwingine.

Lazima mumjue Bi Mgeni vizuri ili msimwelewe vibaya. Alimpenda ndugu yake kupita kiasi. Mama yao alipokufa, yeye ndiye aliyemlea. Na kwa hiyo tangu siku ya ndoa alikuwa na neno moja moyoni kuhusu Bi Zuhura, na hakulificha. Alisema mke wa kusilimu ni Mwislamu wa mumewe. Mume akifa, atarudi Heru Juu kwa ndugu zake, kwenye muhogo na maharage yao, na hatamkalia mumewe eda. Alisema hata mbele ya Bi Zuhura mwenyewe, akimenya vitunguu. Bi Zuhura alimwambia Spesioza siku moja, mimi nikiwepo, "Siku ikifika atajua. Lakini naiombea isifike."

Ilifika. Mzee aliumwa kifua mwisho wa masika, akalazwa hospitali ya Kabanga, akaruhusiwa, akafa kitandani kwake mchana, Bi Zuhura amemshika mguu. Idi alipopata habari baba yake alikuwa ameshazikwa. Alikuja, akalia na mama yake, kazi ikamwita akarudi. Bi Mgeni akabaki. Alibaki kusimamia eda.

Kwa ambao si Waislamu, kama mimi, nieleze. Mjane anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa shida, hajipambi, hapaki wanja wala manukato, havai ya kung'aa. Na kwa mila ya watu wa pwani aliyokuja nayo Bi Mgeni, mjane hajitazami kwenye kioo. Siku ya kwanza tu alipita chumba kwa chumba. Kioo cha kunyolea cha Mzee akakigeuza ukutani. Kioo cha kabati akakifunga shuka. Kile kidogo cha mkononi akakifungia sandukuni, ufunguo akautia kwenye pindo la kanga yake. Televisheni hakuigusa. Hakuna aliyeifikiria. Nami niliendelea kuifuta kila asubuhi kama nilivyofundishwa.

Siku kadhaa baadaye Bi Mgeni akaingia ukumbini alasiri, akamkuta Bi Zuhura amekaa kwenye mkeka mahali pake pa siku zote, mikono mapajani, anaitazama televisheni. Mimi nilikuwa nakusanya vikombe.

"Wifi, unafanya nini?"

"Nimekaa."

"Unajitazama."

"Sijitazami, wifi."

"Basi unatazama nini, na hicho kitu hakina kitu?"

Bi Zuhura akavuta kanga yake mabegani.

"Miaka yote hii nimesema watu wakaniona mbaya," Bi Mgeni akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Sasa nikirudi Ujiji waniulize, mke wa marehemu amekaaje eda, niwaambie nini? Kwamba alikaa mbele ya kioo kikubwa kuliko vyote vya nyumba? Nikiapa nitaapa uongo. Wallahi sitaapa uongo juu ya kaburi la ndugu yangu."

Akachukua shuka, akaifunika televisheni, akachomeka ncha zake chini ya kasha. Bi Zuhura akainuka akaenda chumbani. Jioni ile hakula. Kesho yake alikunywa chai, akaacha ugali. Tulimpikia samaki wa ziwani, mgebuka wa kuchemsha alioupenda, ukarudi mzima na macho yake.

Spesioza akaingia chumbani kwake bila kuitwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, nami nikamfuata na bakuli. Akakaa chini.

"Mama Idi, hukuwa unajitazama."

"Hapana."

"Ulikuwa unatazama nini?"

Bi Zuhura akasema, "Kiti. Nikigeuka nikakitazama penyewe, naona kiti cha mbao, hakina mtu, basi. Nikikitazama mle ndani ya kioo naona ukumbi wetu wa alasiri. Naona kama ametoka kidogo kwenda dukani." Akafuta pua. "Najijua mimi nimekaa pembeni yake mle, lakini uso wangu siuangalii. Nani ataniamini? Na nikikosea hili, Spesioza, nyumba hii nimeishi bure. Nitakuwa Muha aliyepita njia."

Mume wa Spesioza alibaki njiani, ng'ambo, na hakuwahi kuniambia ni mahali gani. Alisema tu, "Mimi hata kiti sina." Akainuka, akanivuta kanga, tukatoka.

Jikoni akaniuliza, "Ukiacha kufuta kile kioo, kinaonyesha?"

"Wiki moja ya kiangazi hiki? Hakionyeshi hata taa."

"Na ukiacha nusu?"

Nikamwelewa. Tulirudi kwa Bi Zuhura kumwambia. Alisikiliza, macho yakamrudia uhai kidogo, halafu akatikisa kichwa. "Si kwa kificho. Sitaki eda ya kuvizia wifi akilala. Mwambieni. Akikataa, amekataa."

Tulimngojea Bi Mgeni amalize kuswali adhuhuri. Spesioza ndiye aliyesema, mimi nilikuwa nyuma yake. Akamweleza habari ya kiti, bila kupamba. Bi Mgeni aliukunja mswala polepole.

"Kwa hiyo mnataka nini?"

"Shuka itoke. Vumbi liingie, siku zote, tusiliguse. Likishajaa, Kolasta atafuta upande wa kiti tu. Upande anakoonekana Mama Idi utabaki na vumbi mpaka eda iishe."

"Na mimi nitajuaje kwamba haonekani?"

"Utakaa mahali pake, Shangazi," nikasema. Hilo ndilo neno langu pekee siku hiyo.

Akanitazama kana kwamba ndoo imesema. "Haya," akasema. "Lijae."

Kwa mtu wa kazi yetu, kukaa na kioo ukiangalia vumbi likitua ni adhabu. Ilikuwa kiangazi, malori yanapita, mlango ukifunguliwa vumbi linaingia kama mwenyeji. Kila asubuhi mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kitambaa. Spesioza alinipa maharage ya kuchambua nikae mbali. Mwishowe kioo kikawa chekundu chote, kama ukuta.

Siku ya kufuta nilivua bangili, nikachukua kanga iliyochoka na unyoya. Mnaona jinsi kufuta kioo kizima kulivyo rahisi: mwisho wake ni ukingo wa mbao. Nusu haina ukingo. Nilikaa kwanza mkekani, mahali pa Bi Zuhura, nikaweka kidole hewani kupima wapi kiti kitaanza. Nikaenda nikafuta kidogo, kavu, juu kwenda chini, nikarudi kukaa, nikatazama. Bega langu likaonekana. Nikawa nimezidisha. Vumbi huwezi kulirudisha kwa mkono, mnajua. Nikatoka barabarani, nikachota kwenye kiganja, nikasimama mbele ya kioo nikapuliza polepole mpaka likakaa. Spesioza alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema tangu azaliwe hajaona mtumishi anatafuta vumbi njiani kulileta ndani. Nikaanza tena, safari hii kwa unyoya, mstari mwembamba mwembamba. Nilipomaliza kulikuwa na dirisha la kijani upande wa kulia, na ndani yake kiti cha Mzee na pembe ya mlango. Upande wa kushoto, ukuta mwekundu.

Tukamwita Bi Mgeni. Bi Zuhura alisimama mlangoni kwake, hakusogea.

Bi Mgeni alikaa mkekani kwa shida, magoti yalikuwa yanamsumbua. Akajiegemeza, akatazama kushoto kwa kioo, akainua mkono wake akaupunga. Hakuna kitu. Akasogeza kichwa mbele, akakirudisha nyuma. Hakuna kitu. Alikuwa anafanya kazi yake, na aliifanya sawasawa. Halafu akatazama upande wa kulia.

Sisi tulisimama. Kwenye kiti kulikuwa na kofia ya Mzee, ilikuwa imekaa pale tangu arudi kutoka Kabanga na hakuna aliyethubutu kuiondoa. Kuku walikuwa wanaparura uani, nikasikia kila ukucha.

"Kolasta," Bi Mgeni akasema.

"Abee, Shangazi."

"Kile kiti kigeuze kidogo kielekee dirishani. Ndugu yangu hakukaa hivyo. Alipenda mwanga umfike begani."

Nikakigeuza. Akatazama tena kiooni.

"Zaidi. Hapo. Na pale chini umebakisha doa."

Nikalitoa doa. Bi Mgeni akainuka, akamwendea Bi Zuhura pale mlangoni, akamshika mkono, akamleta mkekani akamkalisha. "Kaa," akasema. "Mwangalie ndugu yangu." Kisha akatoka uani, akakaa huko mpaka alasiri, na Spesioza alimpelekea maji akayarudisha.

Kuanzia siku hiyo walibadilishana. Bi Zuhura alikaa kwanza, halafu akimaliza kahawa yake alisogea, na Bi Mgeni akakaa mahali palepale. Hawakukaa pamoja, kwa sababu mahali penye kuonyesha kiti bila kuonyesha mtu palitosha mtu mmoja tu. Lakini aliyekaa alimsimulia mwenzake. Nilisikia habari za Mzee akiwa mtoto anaanguka mtoni Ujiji, na habari za Mzee alipokwenda Heru Juu kuposa akiwa na mfuko wa chumvi begani, mvua ikanyesha, akafika na mfuko mtupu na shati jeupe limekauka limekuwa gumu kama ubao. Bi Mgeni hakuwa anaijua hiyo. Alicheka akitokwa machozi, akauliza, "Na mkamkubali hivyohivyo?" Bi Zuhura akasema, "Mama yangu alimlamba mkono wa shati, akasema chumvi ipo, aingie."

Kazi yangu ilikuwa kulinda mpaka. Kila asubuhi unyoya upande mmoja, na upande mwingine nisiguse hata kwa pumzi.

Eda iliisha mvua za kwanza zilipokuwa zimeanza kunyesha. Wanawake walikuja kutoka Ujiji na kutoka Heru Juu, wakajaa nyumba; hawa wamevaa mabuibui, wale wamevaa vitenge, na kila upande ulikuwa unapika kwa namna yake na kukosoa moto wa mwenzake. Bi Zuhura akaogeshwa, akavikwa mpya. Mama mmoja mzee wa Ujiji, jina lake Bi Tunu, akauliza kwa sauti ya kusikiwa, "Na wewe Mgeni, umekaa naye siku zote hizi. Amemkalia mumewe?"

Vyungu vilinyamaza. Mimi nilikuwa nimeshika sinia.

Bi Mgeni akasema, "Amemkalia. Nami nimekaa naye. Huyu ni mtoto wa mama yangu, asije mtu akaniuliza tena." Akafungua pindo la kanga yake, akautoa ufunguo wa sanduku la kile kioo kidogo, akamwekea Bi Zuhura kiganjani.

Walipopungua watu, Bi Zuhura akaja ukumbini, akanyoosha mkono. "Nipe kitambaa, mwanangu. Nifundishe."

Nilimfundisha kama nilivyofundishwa. Vua bangili. Kavu kwanza. Juu kwenda chini. Lile vumbi la miezi yote liliteremka kama unga mwekundu, likaangukia gazeti nililolitandika. Alikuwa anakaza mkono, nikamwambia buhoro, na Spesioza nyuma yangu akakohoa. Nilimpa kitambaa chenye maji, akakijaribu shavuni mwenyewe, halafu kikavu. Mstari kati ya nusu na nusu ukafutika. Akarudi nyuma, akakaa mkekani.

Akajitazama. Kwa muda mrefu.

"Nimezeeka," akasema.

"Wote tumezeeka," Bi Mgeni akamjibu, akishuka taratibu kukaa kando yake. "Sogea, na mimi nionekane."

Wakakaa, mabega yamegusana, wawili wa kijani mle ndani, na kiti pembeni yao.

Mimi niliolewa Kibondo baada ya mavuno yaliyofuata, nikaenda na kipande cha ile kanga. Nimefuta madirisha ya ofisi, miwani ya mapadri, vioo vya magari, na hizo televisheni zenu. Televisheni ile sikuwahi kuiona ikiwaka, na sijui iliishia wapi.

Basi ndivyo ninavyokumbuka. Majina nina hakika nayo, maana majina siyaachi. Lakini kama yupo wa ukoo wa Mzee Hemedi, wa Kasulu au wa Ujiji, na akaona nimemweka mtu mahali pasipo pake au nimempa neno ambalo si lake, anirekebishe bila kuniogopa. Nipo Kibondo, njia ya Kitahana, ukiniulizia utaonyeshwa. Na anisaidie hasa kuhusu ile kofia: nyeupe au ya hudhurungi? Nilikuwa naiona kwenye kioo kila siku, na mle ndani kila kitu kilikuwa kijani.